Kisima Tulichokichimba Kupita Kiasi

Asubuhi ile baba alikuwa juu ya ghala la mahindi akiezeka nyasi mpya, na mama alikuwa chini akimwambia kwamba paa limepinda. Baba akajibu kwamba kilichopinda ni shingo ya anayetazama. Mimi nilikuwa nimekaa kando nikipukuchua maharagwe na kucheka peke yangu, maana nilijua mwisho wake: mama angepanda ngazi mwenyewe amwonyeshe jinsi ya kuezeka, na baba angeshuka akae kivulini anuse ugoro wake kwa raha zote. Kila mwaka ilikuwa hivyo, na sijui kama mama aliwahi kugundua kwamba anachezewa.

Nimeanza na paa kwa sababu watu wakisikia nasimulia vita hutega masikio wakingoja bunduki. Bunduki zinakuja. Lakini vita vilitukuta tukicheka, kule bara kwenye mitelemko ya udongo mwekundu, na mimi nimebaki mtu wa kucheka mpaka leo. Atakayeona kicheko changu hakifai katika habari za namna hii, anisamehe.

Askari walifika baba hajashuka.

Walikuja na walinzi wa kijijini, watu tuliowajua kwa majina. Mmoja wao alikuwa amekula kwetu wakati wa mavuno. Hakututazama.

Wakamwamuru baba ashuke. Akashuka polepole, akaweka chini nyasi alizoshika, akapangusa mikono kwenye suruali.

Mama aliita jina lake mara moja.

Wakamchukua.

Jioni yake tukaambiwa kwamba nyumba zote za mtelemkoni zitachomwa, na sote tutahamia kijiji kimoja cha bondeni, ili wale waliokuwa msituni wakipigana na serikali ya wakoloni wasipate chakula kutoka kwetu. Tulibeba kilichobebeka. Ghala letu liliwaka upesi kuliko nyumba, kwa sababu nyasi zake zilikuwa mpya na kavu.

Kijiji kile cha bondeni kilizungushiwa handaki refu lenye vijiti vilivyochongwa, na waliolichimba walikuwa wanawake. Wanaume walikuwa katika kambi za kifungo, msituni au kaburini. Tulichimba tangu alfajiri, nami nilichimba pamoja nao ingawa jembe lilikuwa karibu kunizidi urefu. Msimamizi alitembea juu ya ukingo akirudia neno moja tu, chini, chini, chini zaidi.

Aliyesimama alipigwa.

Jirani yetu mmoja aliinuka kunyoosha mgongo. Alipigwa kitako cha bunduki. Siku chache baadaye tulimzika upande wa pili wa handaki lile lile, na mchana tukarudi kazini.

Kijijini mle nilivunja ungo na kuwa msichana mkubwa. Miaka ilivyokwenda, wanaume walianza kurudi kutoka kambini, mmoja mmoja, wamekonda, wengine hawataki kusema na mtu. Baba hakurudi. Ardhi ilipopimwa upya, shamba letu lilipewa mwingine, kwa kuwa mwenyewe hakuwepo kusimama kwenye mpaka wake. Tulichosikia ni kwamba baba alikuwa amepelekwa kambi moja ya nyikani, kwenye njia ya reli iendayo Mombasa. Basi amri ya kutuzuia kusafiri ilipoondolewa, mama alifunga mizigo, akaniambia tunakwenda upande huo. Kule kambini mlinzi alitusikiliza, akaingia ndani, akatoka akasema hamjui mtu huyo. Mama akasimama kwa muda mrefu akitazama reli inapokwenda. Kurudi hatukuwa na pa kurudi. Tukapanda treni tukashuka ilipokomea.

Hivyo ndivyo nilivyokuja pwani, na tangu siku hiyo habari zangu zinapata jua.

Tulivuka daraja la Nyali, ambalo siku zile lilikuwa likielea juu ya maji. Mama alilivuka amefumba macho, ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Tuliambiwa kwamba upande wa Kisauni kuna watu wetu wanaovunja mawe kwenye machimbo, na baadhi yao wamejenga vibanda Utange, katika shamba la minazi la mjane mmoja. Mjane huyo ndiye Bi Mwanaisha. Tulimkuta ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya jambo, kwa hiyo akasimama nje ya ua akasema jambo, akanyamaza.

"Karibuni," Bi Mwanaisha akasema. "Mbona mwasimama juani, na kivuli kiko?"

Mimi nilikuwa nimeokota Kiswahili kwa askari wa bondeni, nikamwamkia nilivyofundishwa njiani, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazee hawajambo? Mwatoka salama? Safari njema? Na huyu ni mamako? Hajambo?"

Mama akaninong'oneza kwa lugha yetu kama mwanamke huyu anatuhoji kwa niaba ya serikali. Nilipomtafsiria Bi Mwanaisha, alicheka mpaka kifuu kikamtoka mkononi. Mama alikasirika kwanza. Kisha, sijui ni uchovu au nini, naye akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya ghala, na kwa kweli machozi yalinitoka.

Alitupa mahali pa kujenga kibanda. Alituonya jambo moja, kama alivyowaonya wote waliotutangulia: tujenge, tulime mahindi na muhogo, lakini tusipande mnazi wala mwembe. Nilidhani ni kwa sababu ya kivuli.

Familia zetu ziliendelea kuongezeka pale Utange, wengi wao wanawake na watoto, na habari zikafika kisiwani kwamba kuna watu waliohamishwa na vita wanaolala kwenye vibanda vya makuti. Ndipo lori la msaada likaanza kuja. Aliyekuja nalo alikuwa Bwana Meshaki, Mtaita mwenye suruali fupi ya khaki iliyopigwa pasi ikasimama, mtu wa moyo mzuri na maelezo mengi. Alishusha unga, maziwa ya unga, na marundo ya mablanketi mazito ya sufu. Ilikuwa kaskazi, joto la Mombasa la kumfanya mtu ajipepee hata usingizini.

"Watarudi milimani leo?" Bi Mwanaisha akamuuliza, akilishika blanketi kwa vidole viwili.

"Ni msaada kwa watu walioathirika na vita, bibi," Bwana Meshaki akasema. "Mablanketi yamo."

Utingo wake, kijana mmoja wa Jomvu, aligeuka akajifanya anafunga kamba ya lori ili asionekane akicheka. Nilimwona. Huyo utingo baadaye nilimzalia watoto wanne, lakini hayo ni mengine.

Wenyeji walikuwa wakitazama. Utange ya wakati huo haikuwa na tajiri. Watu walikuwa na minazi yao, kuku, na viraka vya muhogo ambavyo kaskazi ilikuwa imevikausha. Watoto wao walisimama mbali kidogo na lori, mikono nyuma, wakitutazama tukipewa maziwa. Nao walikuwa na njaa kama sisi. Kosa lao lilikuwa kwamba njaa yao haikuletwa na vita.

Na kulikuwa na maji. Mtaa mzima ulikuwa na kisima kimoja karibu na msikiti, nacho kilikuwa kikiwatosha kabla ya sisi kuja. Kaskazi ile ndoo zilianza kugonga matope kabla ya jua kutoka. Asubuhi moja, mwanamke mmoja wa pale alichukua ndoo yangu iliyojaa akaimwaga mchangani mbele ya watu.

"Mmepewa unga, mmepewa maziwa," akasema. "Na maji pia mwayataka?"

Niliokota ndoo yangu. Ningekuwa yeye, ningeimwaga vile vile.

Wiki hiyo alikuja Mzee Athumani, shemeji yake Bi Mwanaisha na mkubwa wa ukoo wenye shamba. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia yake nyeupe haina hata alama, na mtu hakumwona akitabasamu. Alizungumza na shemejiye barazani nasi tukisikia.

"Hawa watu si wabaya," akasema. "Lakini kisima hakiwatoshi wenyewe. Masika yakianza, wawe wameondoka."

Bi Mwanaisha akaitikia kwa kichwa. Neno la mkubwa wa ukoo halikuwa la kubishiwa mbele ya wageni.

Nilimtafsiria mama.

Hakulia. Aliingia kibandani akatoa kamba.

Akaanza kufunga mizigo.

Nilimuuliza tunakwenda wapi. Akaendelea kufunga. Hapo nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya moto, maana siku ya moto angalau tulikuwa tumeambiwa pa kwenda.

Lori liliporudi, Bi Mwanaisha alilisubiri njiani amejitanda kanga, akamzuia Bwana Meshaki hata kabla hajashuka vizuri.

"Baba, nakuomba. Usilete tena mablanketi. Lete saruji, kamba na ndoo, tuchimbe kisima cha pili, sisi na hawa wageni pamoja. Na huo unga apewe kila anayechimba, awe mgeni, awe mwenyeji."

Bwana Meshaki akavuta pumzi, nasi tukajua maelezo yanakuja. Alisema kwamba msaada una mafungu mawili. Fungu la waliohamishwa na vita ni la chakula na mablanketi, nalo ni la wageni peke yao. Fungu la maendeleo ya vijiji ni la saruji, mabomba na mbegu, nalo ni la wenyeji peke yao. La kwanza linatoka ofisi moja, la pili linatoka ofisi nyingine, na hayachanganywi.

"Na maji yakitoka," Bi Mwanaisha akauliza kwa upole, "yatajuaje ni ya fungu gani?"

Utingo safari hii hakujificha. Alijiegemeza kwenye lori akacheka mpaka akakaa chini. Bwana Meshaki akasema atajaribu, na mtu huyo, Mungu amlipe, akajaribu kweli. Aliwaambia nini wakubwa wake sikujua hata nilipokuwa jamaa wa karibu wa lori lile. Ila baada ya majuma kadhaa lilikuja likiwa na unga na saruji pamoja, gunia juu ya mfuko, na Bwana Meshaki ameketi mbele amejaa vumbi jeupe, ana furaha ya mtu aliyeoa.

Siku za kuchimba kisima kile ni katika siku tamu za maisha yangu. Kwanza wanaume wa Utange walidhani sisi wanawake tutapika wao wachimbe. Mama alimtazama fundi wao akichimba kwa muda, akamwomba kwa ishara ampe jembe, akaingia shimoni. Wanaume wakasimama kumtazama. Kufikia adhuhuri wanawake wetu walikuwa wakichimba kwa zamu, wanaume wakivuta mchanga kwa ndoo, na fundi akisema, "Wallahi, hawa wamezaliwa na jembe mkononi." Yule aliyemwaga ndoo yangu alipangwa nami kwenye kupika. Tulinuniana mpaka tulipogombana juu ya maharagwe. Mimi niliyachemsha na mahindi nikayaponda kama kwetu, yeye akaniambia huo ni ukatili, akayatia tui la nazi na bizari. Watu waligombania sufuria. Kuanzia siku hiyo tulipika hivyo, na kama ni mafungu kuchanganywa, yalichanganywa katika sufuria ile.

Jioni moja maji yalitokeza. Yalikuwa machache, yanafika juu ya kifundo cha mguu, meupe, baridi. Watu wa Utange wakasema alhamdulillahi, wakapeana mikono, wakaenda zao. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala wangekuja na saruji kujengea ukingo.

Sisi tukabaki tukitazama shimoni. Tulitazamana. Maji ya kifundo cha mguu, kwa mtaa mzima? Kwetu bara, ukitaka maji mengi unakwenda chini, na ukipata kidogo unakwenda chini zaidi. Mama akasema hawa wenzetu wamechoka, wamefanya kazi bila kulalamika, wamekula nasi. Kesho wakiwa msikitini tuwamalizie kazi, wakirudi wakute kisima kimejaa. Iwe zawadi yetu. Wote tukaona ni wazo zuri sana.

Ijumaa tulichimba tukiimba. Mama alikuwa chini kabisa, na kila alipoulizwa kama atoke alisema bado. Mchanga ukawa mzito, ukawa wa kijivu, kisha maji yakapanda kwa nguvu, yakafika kiunoni, tukamvuta juu amelowa, tunapiga vigelegele. Tulikaa kwenye ukingo tumejaa matope, tukiwangoja watu watoke msikitini, na hakuna mtoto aliyewahi kungoja Idi kwa hamu kama ile.

Wakaja. Mzee Athumani alikuwa mbele, kwa kuwa alikuwa amekuja kuona kazi.

Bi Mwanaisha akatazama ndani ya kisima. Uso wake ukabadilika.

Akateka kidogo kwa kata. Akaonja.

Akampa Mzee Athumani. Naye akaonja, akatema.

"Chumvi," akasema.

Fundi akashika kichwa. Nikaonja nami, yalikuwa ya kutapisha. Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila mtoto wa Utange analijua kabla hajajua kusoma, na ambalo kwa sababu hiyo hakuna aliyefikiria kutuambia. Pwani, maji matamu yako juu, mepesi, yamelalia maji ya bahari yaliyo chini. Ukiyafikia unasimama. Ukipita, bahari inaingia.

Tulikuwa tumeyatoboa.

Mzee Athumani akamgeukia mama. "Nani aliwaambia mwendelee?"

Nikatafsiri. Nilitamani ardhi inimeze, na shimo la kunimeza lilikuwa pale pale.

"Hakuna," mama akasema. "Ila hakuna aliyetuambia pametosha." Kisha akaanza kusema, naye alikuwa hajawahi kuyasema hata kwangu. Alisema habari za handaki. Alisema kwamba kwa muda mrefu alichimba akiwa na mtu juu ya kichwa chake, na mtu huyo hakuwahi kusema basi, na mwenzake aliyedhani basi alizikwa. Alisema mikono yake haijui tena mahali pa kusimama. Inachimba mpaka ivutwe. Jana moyo ulimwambia huenda kazi imekwisha, lakini mikono haikukubali. Nilikuwa natafsiri, na wanawake wetu wote walikuwa wameinamisha vichwa.

Mzee Athumani akakaa juu ya lundo la mchanga, kanzu yake safi na yote.

"Mimi nilichimba Bama," akasema mwishowe. "Vita vile vya Wazungu na Wajapani. Tulilala ndani ya mahandaki, mvua, matope, na kila siku tunachimba. Niliporudi hapa, marehemu kaka yangu, mume wa huyu, aliniomba nimchimbie choo." Akapangusa mchanga kwenye kanzu. "Alikuja kunitazama jioni. Hakuniona kichwa. Ilibidi alete ngazi."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Kisha Bi Mwanaisha akasema, "Choo kile mpaka leo hakijajaa," na basi, hakukuwa na wa kumzuia mwenziwe. Tulicheka wenyeji na wageni, fundi alicheka akiwa bado ameshika kichwa, mama alicheka na kulia kwa pamoja nilipomfasiria, na Mzee Athumani mwenyewe akaonyesha meno ambayo sikujua anayo.

"Saruji ipo?" akauliza.

"Ipo, haijaguswa," fundi akasema.

"Kesho tunaanza kingine, mbali na hiki. Na nitasimama juu mimi mwenyewe." Akamnyooshea mama kidole. "Nikisema basi, ni basi. Utatoka."

Alisimama juu kweli, kila siku, na mwavuli wake. Maji yalipotokeza, mama alikuwa shimoni. Mzee akainama akasema, "Basi, mama. Pametosha. Njoo juu." Aliyasema polepole, na hapakuwa na haja ya kutafsiri. Mama aliweka jembe chini, akashika kamba. Maji yalikuwa matamu, na siku hiyo Utange ilikula wali wa nazi mpaka watoto wakalala na mikono ndani ya sinia. Habari za sisi kuondoka kabla ya masika hazikutajwa tena, ingawa hakuna aliyesema rasmi kwamba tunabaki. Kisima cha chumvi tulikifukia. Mablanketi, kwa faida ya msomaji, tuliyakata tukashonea mito.

Uhuru ulitukuta hapo. Usiku wa bendera watu wa Kisauni walicheza ngoma zote walizozijua na nyingine ambazo nadhani walizitunga papo hapo. Wanawake wetu wakaimba za kwetu, na yule mpishi mwenzangu alicheza mbele yao akidhani anafuata mwendo wetu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Mama aliketi na Bi Mwanaisha kwenye mkeka mmoja wakigawana kashata.

Baada ya uhuru baadhi ya jamaa zetu walirudi bara, kwa kuwa ilisemekana ardhi itagawiwa. Kila aliyeaga alimuuliza mama lini naye. Mama alijibu kwamba bado anafikiri. Nilijua anafikiri nini. Waliofungwa kambini walikuwa wote wamekwisha kutoka, hata wale waliowekwa mwisho, na yeye alikuwa bado akienda stesheni mara kwa mara, akisema anakwenda kuuza mihogo.

Asubuhi moja Bi Mwanaisha alikuja na mkokoteni umejaa nazi zilizoota, kila moja na majani yake ya kijani, akaacha moja kwenye kila mlango wa wageni waliobaki. Alisema zinatoka kwa Mzee Athumani. Kisha akaenda zake sokoni, kwa kuwa kwake yeye jambo lilikuwa wazi. Jirani zetu wa kibanda cha pili walishukuru sana, wakaipasua yao, wakakuta ndani lile joya jeupe tamu, wakala na watoto. Bi Mwanaisha aliporudi akaona vifuu, akashika kiuno.

"Lo! Mmekula shamba," akasema.

Tukamzunguka atueleze. Alieleza kwamba pwani mtu anaweza kukupa mahali pa kujenga na kulima mahindi, na bado wewe ni mgeni, kesho utaambiwa uhame. Lakini mnazi haupandwi na mgeni. Aliyepanda mnazi ana haki mahali hapo, yeye, watoto wake na wajukuu wake, na hakuna mwenye ardhi anayeweza kumwambia ondoka. Ndiyo maana tangu mwanzo walitukataza kupanda. Sasa ukoo umekaa, umekubaliana, umetuletea miche. Wale jirani walikuwa wamefunika midomo kwa mikono. Bi Mwanaisha akawaambia wasijali, atawaletea mwingine, ila wakishaupanda wajitahidi wasiule.

Tulicheka sote isipokuwa mama. Alikuwa ameupakata mche wetu kifuani.

Ni mzee sasa mimi, kumzidi mama alivyokuwa siku ile, na nimekwisha kuhesabu tulichopoteza. Baba hakupata kaburi tunalolijua. Shamba letu la udongo mwekundu linalimwa na mjukuu wa mtu mwingine. Jirani aliyenyoosha mgongo hakupata kuiona hata bendera. Watoto wangu wananiuliza kama kisima, lori na minazi vililipa hayo. Havikulipa. Vilikuja tu, na tulivipokea kwa mikono miwili, na nilifurahi, na sioni aibu kwamba nilifurahi.

Tangu tufike Utange mpaka asubuhi ile ya miche, mama alikuwa hajapanda kitu kisichovunwa msimu ule ule.

"Mwambie anitajie," akaniambia, "mti huu unazaa baada ya muda gani."

Nikamuuliza Bi Mwanaisha.

"Miaka sita, saba," akasema. "Inshallah."

Nikamtafsiria mama. Aliyatazama majani yale machanga, akayapangusa vumbi kwa kidole gumba.

"Baba yako hatarudi, Nyambura," akasema.

Kisha akamwomba Bi Mwanaisha jembe.